Kwa nini chini ya boti unaona mwamba, lakini mbele kidogo unaona anga tupu? Tuijadili pembe ya mwanga

Omo na Tezi (mleta mada)

Wadau, salaam kwenu nyote.

Anayeishi karibu na maji analiona jambo hili kila siku. Ukiinama ubavuni mwa boti unaona mwamba, majani, hata changu anayepita zake. Inua macho utazame mbele kidogo, mwamba bado unaonekana. Inua tena, mwamba haupo. Kuna anga na mawingu yaliyolala juu ya maji. Maji ni yaleyale, kina kilekile, jua halijasogea. Kilichobadilika ni pembe ya macho yako tu. Nimeleta uzi huu kwa sababu naona pembe hii inafundishwa nusu, na nusu iliyoachwa ndiyo yenye utamu.

Nusu inayofundishwa ni hii: mwanga ukigonga uso laini hurudi kwa pembe ileile uliyoingia nayo, na pembe hiyo hupimwa kutoka kwenye mstari uliosimama wima juu ya uso. Wagiriki wa kale waliijua sheria hiyo. Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra, aliichunguza kwa vioo bapa na vya mviringo mwanzoni mwa karne ya 11. Lakini sheria hiyo inakuambia mwanga unaelekea wapi, basi. Haikuambii ni kiasi gani kinarudi na kiasi gani kinazama.

Sasa chukua mtu aliyesimama kwenye boti, macho yake yako mita 2 juu ya maji, na bahari ni shwari. Akitazama chini moja kwa moja, maji yanamrudishia asilimia 2 tu ya mwanga wa anga, 98 inazama. Akitazama mita 2 mbele ya miguu yake, pembe ni nyuzi 45, na kinachorudi ni kama asilimia 3. Bado anaona chini vizuri. Mita 5 na nusu mbele, pembe imefika nyuzi 70 na kinachorudi ni asilimia 13. Mita 11, nyuzi 80, asilimia 35. Mita 23, nyuzi 85, asilimia 58. Kwenye upeo wa macho ingekaribia 100, isipokuwa mawimbi madogo huyapa maji miinuko mingimingi na kuivuruga hesabu.

Tazameni jinsi namba hizo zinavyokwenda. Kutoka wima hadi nyuzi 45 hakuna kilichotokea, nyongeza haifiki hata asilimia 1. Kisha kwenye nyuzi 10 za mwisho uso unageuka kutoka dirisha kuwa kioo. Ndiyo maana mwamba haufifii polepole kadiri unavyoinua macho. Unaonekana, unaonekana, halafu umepotea.

Kwa nini iwe hivyo? Mwanga ni wimbi, na kwenye mpaka wa hewa na maji wimbi la nje lazima lilingane na la ndani. Mwanga unaokuja umelala kabisa hauna mwendo wa kushuka, unateleza tu juu ya uso. Lakini ukiingia majini unapindishwa: hata ule uliolala kupita yote hulazimika kushuka kwa mteremko wa nyuzi 41 hivi kutoka usawa wa maji. Tofauti hiyo kubwa kati ya mwendo wa nje na mwendo wa ndani ndiyo inayofanya mpaka uukatae mwanga. Ukija wima, tofauti ni ndogo, unapita. Aliyeziweka hesabu hizi sawasawa ni Mfaransa Augustin Fresnel, mhandisi wa barabara na madaraja, mwaka 1823. Alifariki 1827 akiwa na miaka 39, na mpaka leo kila anayetengeneza lenzi ya kamera anaanzia kwenye milinganyo yake.

Karibuni, mwenye swali, mwenye nyongeza.

kolekole_mkubwa

Mkuu, asante sana kwa uzi huu. Mimi ni mvuvi, na hilo la mita tumeishi nalo bila kulijua kwa namba. Anayetafuta samaki tunamsimamisha omo, yaani mbele ya boti, haketi. Akiketi haoni kitu.

Swali langu: mbona asubuhi mapema na jioni maji yanakuwa kama bati, hata ukiinama? Kuanzia saa nne hadi saa nane mchana ndipo tunaona hadi kwenye mchanga.

Omo na Tezi (mleta mada)

Kaka kolekole, hilo la kusimama linaingia kwenye hesabu moja kwa moja. Mtu aliyeketi, macho yake yako labda sentimita 90 juu ya maji. Anafika nyuzi 80 mita 5 tu mbele yake. Akisimama anaisukuma hadi mita 11. Eneo analoweza kuchungulia linaongezeka mara nne na zaidi, maana ni duara na siyo mstari.

Kuhusu asubuhi, mambo mawili yanakutana. La kwanza, jua lenyewe liko chini. Likiwa nyuzi 10 juu ya upeo, linayagonga maji kwa pembe ya nyuzi 80, kwa hiyo theluthi nzima ya mwanga wake inarudi juu bila kuingia. Ule unaoingia unasafiri kimshazari, njia ndefu zaidi hadi kufika mchangani, na maji yanaula njiani. Chini kunakuwa na giza. La pili, anga bado inang'aa juu ya uso. Jicho lako linashindanisha mwanga dhaifu unaotoka chini na mng'ao wa anga unaorudi kutoka juu. Asilimia 3 ya anga angavu inatosha kabisa kufunika mwamba ulio gizani.

Ndiyo maana kivuli kinasaidia. Ukiinama upande wenye kivuli cha boti, au ukiwa na tanga linaloziba anga, kinachoakisiwa ni kitu cheusi badala ya mawingu meupe, na chini kunafunguka. Zile boti za watalii zenye sakafu ya kioo kule Malindi na Watamu zinafanya yote mawili kwa pamoja: unatazama wima, na paa linazuia anga.

Bi Mkubwa wa Ng'ambo

Mwanangu, umenigusa. Mimi nina la nyumbani. Mchana naona nje kupitia dirisha la sebuleni vizuri tu. Usiku nikiwasha taa, dirisha linakuwa kioo, najiona mwenyewe. Pembe ni ileile. Imekuwaje?

Omo na Tezi (mleta mada)

Shikamoo Bi Mkubwa. Hapo kioo hakijabadilika hata chembe. Kila uso wa kioo cha dirisha hurudisha kama asilimia 4 ya mwanga ukitazama wima, na kioo kina nyuso mbili, kwa hiyo ni kama asilimia 8. Mchana hiyo 8 ya mwanga wa sebuleni ipo, ila imemezwa na mwanga mwingi wa jua unaotoka nje. Usiku nje hakuna kitu, kwa hiyo 8 inabaki peke yake uwanjani. Na aliye nje gizani anakuona wewe waziwazi wakati wewe humwoni. Pazia lifungwe kabla ya taa kuwashwa.

dereva wa masafa

Wakuu, mimi naendesha basi usiku. Lami ikiwa kavu taa zangu zinatosha. Ikinyesha, barabara inameza mwanga, mistari myeupe haionekani, halafu gari linalokuja mbele linanipofusha mara mbili, kutoka kwenye taa zake na kutoka kwenye lami. Hii nayo ni pembe?

Omo na Tezi (mleta mada)

Ni pembe tupu, ndugu yangu, na naomba kila dereva aisome hii.

Lami kavu ina kokoto na vishimo. Mwanga wa taa yako ukiigonga unatawanyika kila upande, na kidogo kinarudi machoni pako. Hicho kidogo ndicho kinachokuonyesha barabara. Mvua ikinyesha, maji yanajaza vishimo na kutandaza uso laini. Taa ya gari haiko juu sana kutoka ardhini, kwa hiyo mwanga wake unaifikia lami ya mita 30 mbele ukiwa karibu umelala kabisa, nyuzi 88 au 89. Kwa pembe hiyo maji yaliyotulia hurudisha asilimia 80 hadi 90. Na unarudi kwenda wapi? Mbele, kwa pembe ileile. Kwa hiyo mwanga wako unamwendea dereva wa upande wa pili, na wake unakujia wewe. Kila mmoja anampofusha mwenzake kwa taa alizolipia yeye.

Mistari myeupe ina habari yake. Rangi yake huchanganywa na vishanga vidogo vya kioo. Kishanga kikiwa kikavu hupokea mwanga na kuurudisha ulikotoka, kuelekea gari lako, bila kujali umekuja kwa pembe gani. Kikizama chini ya maji, mwanga haupindi ndani yake inavyotakiwa na kazi hiyo inapotea. Kwa hiyo barabara iliyolowa usiku inakunyima vitu viwili, lami na mistari, kwa wakati mmoja. Kupunguza mwendo hapo siyo woga.

mtoto wa Dodoma

Na yale maji unayoyaona barabarani mchana wa jua kali, ukiyafikia hayapo?

Omo na Tezi (mleta mada)

Hayo ni mazigazi, na asili yake ni tofauti. Hakuna uso unaoakisi pale. Hewa iliyogusa lami ni ya moto na nyepesi kuliko ya juu yake, na mwanga wa anga unaposhuka kimshazari sana unapindwa kidogokidogo hadi unainuka tena na kuja machoni. Unachokiona ni kipande cha anga. Kinahitaji pembe iliyolala kabisa, ndiyo maana kila ukisogea na chenyewe kinasogea.

FundiSkimu

Naomba niongeze la site, maana sisi mafundi rangi pembe ndiyo inayotukosesha au kutupatia hela.

Ukimaliza skimu (kulainisha ukuta kwa putii) ukapiga msasa, ukuta ukiutazama kwa mbele umenyooka kama karatasi. Mteja naye anaridhika. Siku anahamia anaweka taa ya ukutani karibu na dari, mwanga unashuka ukiuparaza ukuta, na kila kilima na kila alama ya plasta inajitokeza. Ndipo simu zinaanza. Kwa hiyo mimi sikabidhi ukuta bila kupita na balbu. Nazima taa zote, naishika balbu ubavuni mwa ukuta, sentimita chache tu, naitembeza taratibu kuanzia kona. Bonde la unene wa ukucha linatoa kivuli kirefu. Nalizungushia penseli, narudia putii, napiga msasa tena.

Jambo jingine ni rangi. Rangi ya maji isiyong'aa inasamehe makosa. Rangi ya mafuta haisamehi, inaonyesha kila kitu. Lakini kuna linalonishangaza: hata ile isiyong'aa, nikiweka shavu karibu na ukuta nikatazama kuelekea dirishani, inang'aa! Naona umbo la dirisha kabisa ukutani. Kwa nini?

Omo na Tezi (mleta mada)

Fundi, heshima kwako. Hiyo ya balbu ingefaa iandikwe kwenye mkataba wa kila nyumba.

Swali lako ni zuri sana. Uso usiong'aa una vilima na mabonde madogo mno. Mwanga ukija wima, ule unaogonga kilele na ule unaogonga bonde unarudi ukiwa umeachana, mmoja umetembea zaidi ya mwenzake, na kwa kuwa kila bonde lina kina chake, mawimbi yanavurugana na kusambaa kila upande. Ukija umelala, tofauti ya safari kati ya kilele na bonde inapungua, inakaribia sifuri. Kwa wimbi lililolala, ukuta wako ni laini. Ongeza na ile habari ya Fresnel kwamba pembe ya kulala hurudisha mwanga mwingi, unapata dirisha ukutani.

Mtu yeyote anaweza kuona hili sasa hivi. Chukua karatasi nyeupe, iweke usawa wa jicho lako kama sahani, nyuma yake kuwe na balbu au dirisha. Iinamishe kidogokidogo mpaka karibu ipotee, ibaki kama mstari. Hapo mwishoni itang'aa.

Mwl. wa Kidato

Mleta mada, hongera. Nami niweke jaribio moja ninalolifanya darasani, halihitaji maabara.

Washa mshumaa karibu na kioo cha kujitazamia, kile cha kawaida chenye rangi ya fedha nyuma. Kitazame kwa ubavu, siyo kwa mbele. Hutaona mwali mmoja. Utaona safu ya miali, mitatu au minne au zaidi. Wa kwanza ni hafifu, huo umerudishwa na uso wa kioo chenyewe. Wa pili ndio mkali, umetoka kwenye madini yaliyopakwa nyuma. Inayofuata inazidi kufifia, ni mwanga uliogongagonga ndani ya kioo kabla ya kutoka. Sasa sogeza jicho lilale zaidi na zaidi. Mwali wa kwanza unapata nguvu mpaka unashindana na wa pili. Wanafunzi wanaona kwa macho yao kwamba kioo kinafuata pembe, lakini madini hayajali sana, maana madini kama fedha au alumini hurudisha mwanga mwingi kwa pembe zote.

mzamiaji

Nyongeza ndogo. Ukiwa chini ya maji ukatazama juu, mambo yanageuka. Unaona dunia ya nje yote imekusanywa kwenye duara moja juu ya kichwa chako, na nje ya duara hilo uso wa maji ni kioo kitupu, unaona mwamba umepinduka. Duara linakufuata popote.

Omo na Tezi (mleta mada)

Sawasawa kabisa. Duara hilo lina upana wa nyuzi 97 hivi. Nje yake mwanga unaotoka majini kwenda hewani unarudishwa wote, asilimia 100. Hata kioo cha fedha hakifiki hapo.

Mwanahawa_picha

Kaka, mimi napiga picha za fukwe, natumia kichujio cha polaraizi. Nakizungusha mbele ya lenzi, mng'ao wa maji unatoweka na mwamba unatokea. Ila siku nyingine nakizungusha wee, hakuna kitu. Na miwani ya polaraizi wanayouza vijana barabarani, ni kitu hichohicho?

Omo na Tezi (mleta mada)

Dada, hapa ndipo nilipotaka tufike.

Mwanga hutikisika kwa kukatisha njia yake. Wa jua hutikisika kila upande. Mwaka 1808 mjini Paris, Étienne-Louis Malus alishika fuwele ya kalsaiti akatazama nayo jua la machweo lililokuwa likiakisiwa na madirisha ya kasri la Luxembourg. Fuwele hiyo huonyesha kila kitu mara mbili. Alipoizungusha aliona taswira moja ikififia, kisha nyingine. Akajua kwamba mwanga ulioakisiwa na kioo haufanani na ule uliotoka kwenye jua: umechujwa, unatikisika zaidi upande mmoja. Hiyo ndiyo polaraizi. Mwaka 1815 Mskoti David Brewster akapata kanuni ya pembe ambayo uchujaji huo unakamilika. Kwa maji ni nyuzi 53, kwa kioo cha kawaida ni nyuzi 56 hivi.

Sababu yake inashikika. Mwanga ukiingia majini unazitikisa elektroni, na elektroni zinazotikisika ndizo zinazotoa mwanga unaorudi. Lakini elektroni haitoi mwanga kuelekea upande ule inakotikisikia, inautoa ubavuni. Kwenye nyuzi 53, elektroni zilizotikiswa na mwanga wenye mtikisiko wa kupanda na kushuka zinatikisika kuelekea kulekule ambako mwanga ungepaswa kurudi. Kwa hiyo huo haurudi. Unabaki ule wenye mtikisiko wa kulala, sambamba na maji. Kichujio chako kikisimamishwa vizuri kinauzuia huo uliobaki, na uso wa maji unafutika.

Sasa unaona kwa nini siku nyingine unashindwa. Ukitazama chini wima, hakuna uchujaji, kichujio hakina cha kukamata. Ukipiga picha maji ya mbali karibu na upeo, mitikisiko yote miwili inarudi kwa wingi, kichujio kinapunguza nusu tu. Mahali pake ni katikati: kwa macho yaliyo mita 2 juu, ni maji ya mita 2 na nusu hadi 3 mbele yako. Ukipanda gatini macho yakawa mita 6 juu ya maji, ni mita 8 mbele. Na usijaribu kwenye mabati au sufuria, maana madini hayachuji hivyo.

kolekole_mkubwa

Mkuu, na ule mstari wa mwezi baharini, unaokuja mpaka kwenye boti? Ukihama unahama nao.

Omo na Tezi (mleta mada)

Maji yangekuwa bapa ungeona mwezi mmoja tu wa duara. Lakini kila wimbi dogo lina mteremko wake, na yale ambayo mteremko wake unatosheleza sheria ya pembe kati ya mwezi na jicho lako yanakumulika. Kila mtu ana mstari wake, maana kila jicho lina pembe zake. Upepo ukizidi, miteremko inakuwa mikali na mstari unapanuka. Mwaka 1954 Charles Cox na Walter Munk walichapisha kazi yao ya kupima miteremko ya mawimbi kwa picha za mng'ao wa jua zilizopigwa kutoka kwenye ndege karibu na Hawaii. Upana wa mng'ao uliwapa mteremko wa mawimbi, na mteremko uliwapa upepo. Satelaiti bado zinautumia uhusiano huo.

Mwanahawa_picha

Asante kaka. Hujanijibu la miwani ya barabarani.

Omo na Tezi (mleta mada)

Samahani dada, nilizama kwa Malus. Kazi yake ni ileile ya kichujio, ila imewekwa tayari kuzuia mtikisiko wa kulala. Usinunue kwa kusoma stika. Beba kikokotoo cha kawaida chenye maandishi meusi, kitazame kupitia miwani, kisha izungushe nusu mduara. Mahali fulani kioo cha kikokotoo kinapaswa kuwa cheusi kabisa. Kisipobadilika, umeuziwa plastiki yenye rangi. Au tazama boneti la gari lililoegeshwa juani ukiwa hatua chache (rangi yake ndiyo inayochuja, siyo bati lake), zungusha, mng'ao uzime na kuwaka.

Na uulize kando kuhusu kinga ya miali ya urujuanimno (UV), maana hiyo ni sifa tofauti. Kioo cheusi kisicho na kinga hiyo kinafanya mboni ifunguke zaidi, na miali inaingia.

Kwa kaka kolekole: ukiipata halisi, ivae saa nne asubuhi, tazama hatua tatu nne mbele ya omo, na ulaze kichwa kidogo kushoto na kulia mpaka mng'ao uzime. Kutafuta ndege au mashua upeoni haitakusaidia sana, na kuchungulia chini ya ubavu huihitaji.